Nilichanja matairi yangu chale: uzoefu wangu baada ya majira mawili ya baridi Boise

Dola 72. Ndizo nilizolipa, dola 18 kwa tairi, ili fundi ayachukue matairi ya Corolla yangu, yakiwa bado na kashata nzuri tu (yale matuta ya raba yanayokanyaga barabara), ayakatekate. Mtu angenieleza habari hiyo nikiwa bado Lushoto ningemuuliza kama ana homa.

Kwanza tuelewane, maana nikimwambia mtu wa nyumbani nimekata matairi anafikiria kuchonga. Kuchonga nakujua. Mzee alikuwa na Fuso ya kubeba kabichi na karoti kushuka Mombo, na matairi ya nyuma yakishakuwa kipara aliitwa fundi na kile kisu chake cha moto. Anachimba mifereji mipya, raba inadondoka kama maganda ya viazi, na harufu inakaa kwenye nguo hadi kesho yake. Huko ni kulipaka marehemu wanja. Mimi nilichofanyiwa huku Boise, jimbo la Idaho, Marekani, ni kuchanja: chale nyembamba kama za wembe, zinakatiza upana wa kashata, kwenye tairi ambalo bado lina afya. Raba haiondolewi hata chembe. Wenyewe wanaita saiping, kwa jina la John Sipe, Mmarekani aliyepata hataza ya wazo hilo miaka ya 1920.

Kazi yenyewe ni ya mashine. Tairi linazungushwa, kisu kinapita, dakika chache unaitiwa jingine. Nilitaka yachanjwe mawili ya mbele tu, kwa kuwa ndiyo yanayovuta, nibane matumizi. Fundi akakataa katakata: mbele pakishika na nyuma pakateleza, gari litajigeuza lenyewe kwenye kona. Hapo nilimheshimu. Nilichomvumilia ni maneno yake ya biashara, kwamba tairi lililochanjwa linapoa zaidi na hivyo litadumu zaidi. Nitarudi hapo.

Kwenye theluji, sina budi kusema kweli, inafanya kazi. Tairi likigusa chini chale hufunguka kidogo, na kila ukingo unang'ang'ania theluji iliyoshindiliwa. Barafu nayo ikikaribia kuyeyuka huwa na utando wa maji juu, na huo ndio unaotuangusha; zile kingo huufagia. Nyuma ya nyumba tunazopanga kuna kiwanja cha kuegesha magari ambacho Jumapili hakifagiliwi. Kabla ya kuchanja nilikwenda hapo, nikakimbiza gari hadi maili 20 kwa saa, nikakanyaga breki mpaka ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ikaanza kutetemesha mguu, nikashuka na kuhesabu hatua: 20. Wiki moja baada ya kuchanja zikawa 17. Siku ya pili baridi ilikuwa kali zaidi kidogo, kwa hiyo sitaapa juu ya hatua hizo 3. Ila kwenye kuondoka sina ubishi. Kuna kilima kidogo cha kutokea kwetu ambacho kila asubuhi nilikuwa nakipanda kwa dua na matairi yakizunguka bure. Baada ya kuchanja, gari likawa linapanda. Barabara ya 55 kwenda McCall niliipita mara nne majira yale bila kufunga minyororo.

Mvua za Aprili zilipoanza ndipo nilipoona upande wa pili wa shilingi. Kwenye lami iliyolowa gari lilikuwa linachelewa kusimama, si kwa kutisha, ila mguu unajua. Kwenye lami kavu usukani ukawa mlegevu, unakata kona halafu gari linafikiri kidogo kabla ya kukufuata. Sababu si uchawi: kashata nzima imesimama imara, ukiigawa vipande vinne kila kipande kinayumba kivyake. Matairi ya misimu yote huwa tayari na chale za kiwandani, na nyingi kwa ndani zimepindapinda ili vipande vikisukumwa vishikane. Chale za kisu zimenyooka tu, hazina cha kushikana. Jarida la Consumer Reports liliwahi kujaribu huduma hii na likakuta mambo hayohayo: faida kiasi kwenye theluji na barafu, hasara kwenye lami, iwe kavu au imelowa.

Sasa kudumu. Matairi yalikuwa mapya na kashata za karibu milimita 8. Maili 10,000 za kwanza, kabla ya kuchanjwa, yalipoteza milimita 1.6 hivi. Maili 10,000 zilizofuata yalipoteza karibu 2.4, kwa gari lilelile, dereva yuleyule, na presha napima kila mwezi. Na kwa kawaida tairi huliwa haraka likiwa jipya, si baadaye. Barabara za changarawe za msituni zilimalizia: pembe za kashata zilianza kumeguka vipande vidogo kama mkate uliokauka. Kijitabu cha waranti nilikisoma baada ya kukata, kama kawaida yetu. Tairi lililokatwa halidaiwi tena.

Ninaipa nyota mbili na nusu. Mtu wa milimani anayekanyaga theluji iliyoshindiliwa miezi minne mfululizo ataipa nne. Mimi mwaka huu nimenunua matairi ya baridi yaliyotumika, yenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, ambayo raba yake hubaki laini hata nyuzijoto zikishuka chini ya 7. Kiwanja kilekile, maili 20: hatua 14.

Mdogo wangu wa Lushoto aliposikia akaandika, "Shikamoo kaka, na mimi nichanje Noah, matope ya masika yananitesa?" Nikamjibu chale hazina kazi kwenye tope. Udongo wetu ule mwekundu unazijaza kabla hujatoka uani. Tope linataka mifereji mipana inayojitapika yenyewe. Basi nichonge, akasema. Nikamwambia matairi ya kuchongwa ni ya malori, yale yaliyoandikwa REGROOVABLE ubavuni, yaliyotengenezwa na raba ya ziada chini ya mifereji. La gari dogo ukilichimba unakutana na waya. Nikamwomba anipigie picha ubavu wa tairi lake.

Picha ikaja. Neno hilo halikuwepo. Palikuwa na tarakimu nne tu ndani ya kiduara, 2614, yaani lilitengenezwa wiki ya 26 ya mwaka 2014. Nikaacha kuandika, nikampigia simu.