VirtualBox na lundo la mashine pepe zinazofanana: uzoefu wangu hapa Mwanza

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Kama kompyuta yako imejaa mashine pepe zinazofanana, yaani kompyuta za kuigiza zinazoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, usimalize bando kupakua programu za kusaka mafaili pacha. VirtualBox, programu inayoziendesha, yenyewe inayo karibu kila kitu cha kufanyia usafi huo, ila imekiweka pembeni na haikushiki mkono. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nafundisha vijana Linux na mitandao ya kompyuta kwenye kituo kidogo hapa mjini. Wengi wanakuja kwa daladala kutoka Nyegezi na Buhongwa, na wenye laptopu zao ni wa kuhesabu. Kompyuta moja inapokea mtu wa asubuhi, wa mchana na wa jioni, na kila mmoja anataka Ubuntu yake aichokonoe bila kumharibia mwenzake. Njia ya haraka ni kukloni, yaani kunakili mashine iliyopo. Muhula ukiisha, SSD imejaa mpaka Windows inaanza kulalamika, na ukifungua VirtualBox unakuta zimejipanga kushoto: Ubuntu, Ubuntu Clone, Ubuntu Clone Clone, na moja ambayo kuna mtu kaibatiza MPYA KABISA.

Sasa kwa nini programu za kusaka pacha hazifai hapa? Zile zinalinganisha maudhui ya mafaili. Yakitofautiana hata kidogo, zinayahesabu kuwa vitu viwili. VirtualBox inapokloni, inaipa diski mpya kitambulisho chake, UUID, na inakiandika ndani ya faili lenyewe la VDI, ambalo ndilo diski ya mashine pepe. Kwa hiyo kloni inatofautiana na asili yake tangu dakika inazaliwa, hata kabla hujaiwasha. Ukishaiwasha ndiyo kabisa: kumbukumbu za mfumo, masasisho, kila kitu kinaenda njia yake. Nimeona programu ya aina hiyo ikizunguka diski nzima na kurudi na picha za harusi zilizojirudia, huku magigabaiti ya VDI yamelala pale pale bila kuguswa. Kinachoweza kunaswa ni folda iliyonakiliwa kwa mkono tu, na hiyo VirtualBox hiyo hiyo inaigomea ukijaribu kuisajili, kwa sababu UUID tayari ina mwenyewe.

Kinachosaidia kweli ni meneja wa midia aliyemo ndani ya VirtualBox. Anakuonyesha diski zote kama ukoo: diski mama juu, na zinazomtegemea zimeshuka chini yake. Anakuonyesha ukubwa wa makaratasi na ukubwa halisi, maana diski iliyoandikwa gigabaiti 25 inaweza kuwa imekula 9 tu. Zaidi ya yote anakuambia diski gani imeunganishwa na mashine ipi, na ipi haina mwenyewe. Hizo yatima ndizo za kuanza nazo. Mtu alishaiondoa mashine kwenye orodha bila kufuta mafaili yake, akaridhika kwamba ameshafagia, kumbe uchafu umebaki chini ya zulia.

Hapo kwenye ukoo pana jambo la kukaa nalo. Kloni ziko za aina mbili. Kloni kamili ina diski yake nzima. Ukifuta asili, yenyewe haina habari. Kloni tegemezi inahifadhi tofauti tu, na mengine yote inayasoma kutoka kwa mama. Ni ndogo, inatengenezwa haraka, mimi naipenda kwa darasa. Lakini mama akifutwa, watoto wote wamekwisha. Ukijaribu kumfuta kupitia VirtualBox, inakataa na kukwambia diski hii ina watoto. Ukipitia folda za Windows na kubonyeza kitufe cha kufuta, hakuna wa kukuzuia. Ndiyo maana huwa nawakataza vijana kabisa kuingia kwenye folda ya VirtualBox VMs na kufagia kwa mkono.

Kujua ipi ya kubakiza ni kazi ya binadamu. Siku moja nikiwa katikati ya kufuta, binti mmoja wa darasa la jioni akasimama nyuma yangu.

"Ticha, shikamoo. Ile ya kwangu usiifute, kuna kazi yangu mle."

"Marahaba. Ya kwako ipi, mbona zote ni Clone?"

"Ile yenye picha ya sangara nyuma."

"Sangara haonekani mpaka niiwashe, mdogo wangu."

Badala ya kuziwasha moja moja, nilifungua folda ya Logs ya kila mashine. Faili la VBox.log linaonyesha mashine iliwashwa lini mara ya mwisho. Tukaiona iliyotumika wiki ile ile, tukaiwasha, na sangara akatokea kweli. Tangu hapo jina la mashine ni jina la mtu na mwezi, asiyetaka akae na daftari.

Baada ya kufuta za ziada, utashangaa diski zilizobaki bado ni nono. VDI inayokua yenyewe haisinyai yenyewe; ukifuta mafaili ndani ya mashine, nje ukubwa unabaki ule ule. Inabidi kwanza, ukiwa ndani ya mashine pepe, ujaze sifuri sehemu zilizo wazi: kwenye Windows tumia sdelete ya Microsoft kwa `sdelete -z c:`, kwenye Linux tumia zerofree huku diski ikiwa haiandikwi. Kisha uzime mashine na utoe amri hii kwenye kompyuta halisi: `VBoxManage modifymedium disk`, njia ya faili, halafu `--compact`. Kitu cha muhimu namna hii kufanyika kwa amri, tena kwenye Windows mpaka uende mwenyewe hadi folda ya Oracle ndani ya Program Files, ndicho kilichonifanya niinyime nyota ya tano. Hicho, na ukweli kwamba kloni kamili haziachi alama yoyote ya undugu. Meneja anaziona kama watu wasiojuana.

Snapshoti, yaani hali za mashine ulizozihifadhi ili uweze kuzirudia, nazo zina kisirani chao. Kufuta snapshoti maana yake ni kuunganisha data yake na diski inayobaki, na hapo inaweza kuhitaji nafasi ya ziada kwa muda. Ukisubiri diski ijae pomoni ndipo uanze, unaweza kukwama. Usianze pia wingu jeusi likiwa limesimama juu ya ziwa. Radi za Ziwa Victoria hazina utani, na umeme ukizimika katikati ya kuunganisha unaweza kuipoteza mashine nzima. Laptopu yenye betri nzima au UPS, basi.

Kwa wanaobakiza kloni za Ubuntu Server makusudi: mkiona mbili zinagombea anwani moja ya IP ingawa MAC (namba ya kadi ya mtandao) ni tofauti, angalieni faili la `/etc/machine-id`, lenye kitambulisho cha mashine. Kloni inairithi ilivyo, na Ubuntu Server inaitumia kujitambulisha inapoomba anwani. Ifanye tupu, uwashe upya, ugomvi unaisha.

Kuhusu bei, VirtualBox yenyewe ni bure na ni ya chanzo huria. Ile pakiti ya nyongeza (Extension Pack) ndiyo yenye leseni tofauti: bure kwa matumizi binafsi na kufundishia, ofisi ya biashara inatakiwa kulipa. Wenye ofisi mjini msiisakinishe kwa mazoea.

Na kabla ya kufuta mashine yenye kazi ya mtu, isafirishe kwanza kama OVA, faili moja lenye mashine nzima, kwenye diski ya nje. Diski hiyo iwe exFAT au NTFS, kwa sababu FAT32, iliyopo kwenye flashi nyingi, haipokei faili linalofika gigabaiti 4. OVA haibebi snapshoti, inabeba hali ya sasa tu. Anayetaka na historia anakili folda nzima huku mashine ikiwa imezimwa, na kama ni kloni tegemezi, folda ya mama nayo iende.