VNQ: mfuko wa mali isiyohamishika ya Marekani, na kodi ya gawio inayoizidi ada yake

VNQ ni mfuko wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard, unaonunuliwa kama hisa, ulioingia sokoni New York mwaka 2004. Unafuata fahirisi (orodha ya hisa) inayotungwa na kampuni ya MSCI, yenye kampuni zipatazo 150 za mali isiyohamishika za Marekani. Ada yake ni asilimia 0.13 kwa mwaka, yaani dola 13 kwa kila dola 10,000. Kwa bei hiyo ni mfuko mzuri, mradi ujue kilichomo.

Nyumba za kupangisha ni sehemu ndogo tu. Walio juu ni Prologis wenye maghala, Welltower wenye makazi ya wazee, Equinix wenye vituo vya data, na American Tower, ambao minara yao ya simu imefika hadi Kenya na Uganda. Madalali wa majengo kama CBRE wamo pia. Wajenzi wa nyumba za kuuza hawamo, wala wakopeshaji wa rehani. MSCI huwaweka katika sekta nyingine. Ukifungua orodha utaona jina "Vanguard Real Estate II Index Fund" likiwa na sehemu kubwa. Usishtuke, ni mfuko wa ndani wa Vanguard wenye kampuni zilezile.

Kampuni nyingi humo ni REIT, yaani kampuni zinazomiliki mali isiyohamishika na kuipangisha, ambazo sheria ya Marekani inazitaka zigawe angalau asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi. Ndiyo maana gawio huja kila robo mwaka, na ndiyo maana zinategemea mikopo: faida ya kujengea haibaki nyingi. Riba ikipanda zinaumia mara mbili, kwani mkopo wa zamani hubadilishwa kwa riba ghali, na wakati huohuo wawekezaji huhamia kwenye hati fungani. Mwaka 2022 mfuko huu ulipoteza takriban robo ya thamani yake, ingawa majengo mengi yalikuwa na wapangaji wake. Pesa utakayoihitaji ndani ya miaka mitano usiiweke hapa.

Usiupime kwa uwiano wa bei na faida. Hesabu za REIT hukata uchakavu wa majengo kila mwaka hata kama thamani yake inapanda, hivyo faida huonekana ndogo na hisa huonekana ghali. Tazama mapato ya uendeshaji yaliyorudishiwa uchakavu huo, ambayo wenyewe huyaita FFO.

Kwa aliyeko Kenya au Tanzania, kikwazo kikubwa ni kodi ya zuio. Nchi hizi hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo gawio hukatwa asilimia 30 kabla halijakufikia. Chukulia gawio la asilimia 4 kwa dola 10,000: ni dola 400, unabaki na 280. Dola 120 zimekwenda, mara tisa ya ada ya mfuko! Fomu ya W-8BEN ijaze hata hivyo, maana dalali wako wa hisa huihitaji kuthibitisha kwamba wewe si mkazi wa Marekani. Tena, mali za Marekani zinazozidi dola 60,000 zinaweza kutozwa kodi ya mirathi mwenyewe akifariki.

Kununua: soko hufunguliwa saa 10:30 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, au saa 11:30 Marekani ikiwa katika majira ya baridi. Acha nusu saa ya kwanza ipite, kisha weka bei ya kikomo, yaani bei ya juu kabisa unayokubali kulipa.