Chumba cha uani kisichogeuka tanuri: ununue kipi?

Ukipiga bati tupu juu ya chumba cha uani hapa Dar es Salaam, Januari saa nane mchana humo ndani hakukaliki. Cha kwangu ni mita 3 kwa 4, nilikijenga nifanyie kazi za kompyuta. Wiki ya kwanza tu nikahamia chini ya mwembe na kiti changu. Tangu hapo nimezunguka sana maduka ya vifaa vya ujenzi, na nikiulizwa napanga hivi.

Namba moja: tofali za kawaida, hela ya kuzuia joto ipeleke juu. Mchana jua letu liko utosini, linapiga paa kuliko ukuta. Nunua bati jeupe au la krimu (najua la maruni ndilo linalopendwa, ila linakunywa jua), foili chini yake, kisha sufi ya kioo (nyuzi laini za kioo zinazouzwa kama godoro) juu ya dari la jipsamu. Foili inasaidia ikiwa angalau upande mmoja unatazama hewa, nafasi ya sentimita 2 au zaidi. Fundi wangu aliitandaza juu ya jipsamu halafu akailalia na sufi. Imebanwa huku na huku, ikawa karatasi tu. Sufi nayo isishindiliwe, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake. Na mvae glavu. Mimi niliishika mikono mitupu, nikajikuna hadi adhana ya alfajiri.

Namba mbili: paneli za sandwichi, yaani mabati mawili yenye povu katikati. Zinasimama kwa siku chache na ukitaka kuhama unafungua. Bei ndiyo inayozishusha, pamoja na ujanja wa madukani. Usikubali kuambiwa "milimita 50" ukaondoka. Omba kuona ukingo uliokatwa. Ukikwaruza kwa ukucha zikatoka punje nyeupe kama za kwenye boksi la televisheni, hiyo ni polistirini. Ikiwa povu la manjano lililoshikamana kama keki kavu, ni poliyurethani, na milimita 50 zake zinakaribia 80 za polistirini kwa kuzuia joto. Zote mbili zinaungua. Kama chumba kinapakana na jiko la mkaa, tafuta zenye sufi ya mawe (nyuzi za mawe, haziungui) hata kama ni nzito.

Makuti nayaweka ya tatu. Ubaridi wake hauna mpinzani, lakini vumbi, wadudu na cheche ya jirani anayechoma taka havipatani na kompyuta.

La mwisho ni kontena la futi 20. Picha zake mtandaoni zinavutia kweli. Upana wa ndani ni kama mita 2.35, ukishaweka povu na mbao pande zote mbili unabaki na 2.2 hivi, meza ikikaa kiti hakizunguki. Bado hujatafuta kreni itakayopita kichochoroni kwenu bila kukata nyaya za umeme.

Kiyoyozi kiwe cha mwisho kununuliwa. Paa likishatengenezwa, BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) zinatosha chumba kama changu, mradi madirisha ya luva uyatoe, maana ubaridi wote unapitia hapo. Dirisha la magharibi lijengee kibaraza. Na kibali cha ujenzi kaulizie halmashauri kabla fundi hajachimba msingi.