Kalamu ya kwanza ya mpingo ilinipasukia: uzoefu wangu na seti ya kukereza kalamu

Nimekaa na seti hii miezi minne, na kalamu tisa zimeshatoka mikononi mwangu, kwa hiyo naweza kuizungumzia. Ni seti ya mtu anayeanza: vyuma vya kalamu kumi nyembamba za kuzungusha, mirija ya shaba ya milimita 7 na biti yake ya kutobolea, bushi (pete za chuma zinazokuonyesha unene wa kukereza), ufito wa chuma wa kushikia vipande kwenye mashine, na vipande kumi vya mbao ngumu za asili. Ndani yake kulikuwa na mninga, mvule, mkongo na mpingo. Mashine ya kukereza nilikuwa nayo tayari, ile ndogo ya kuweka mezani.

Vyuma sina neno. Vinaingiana vizuri, kizungushio, kile kinachotoa na kurudisha ncha, ni laini, na kalamu ya kwanza niliyoitoa bado naiandikia kila siku. Ninacholalamikia ni karatasi ya maelezo. Inasema toboa, tia gundi, kereza, piga msasa, ng'arisha, kana kwamba mbao zote ni moja. Mtu anayeanza akiifuata hivyo ilivyo ataharibu vipande vizuri sana, na mimi nimeviharibu.

Anza na mninga. Ni mti mpole: patasi ikiingia, maranda yanatoka marefu, yanajikunja, na rangi ya kahawia yenye dhahabu inajitokeza mbele ya macho yako. Haujikunyati wala kujipinda kwa urahisi, na hata mkono ukiteleza kidogo unakusamehe. Kalamu zangu mbili za kwanza zilikuwa za mninga na zote zilisimama. Vaa barakoa tu, maana vumbi lake linakera pua.

Mvule nao ni mzuri, ila una tabia ya kuficha mawe ndani yake, yaani chokaa iliyoganda mtini. Nilikuwa nakereza kwa raha, ghafla nikasikia mkwaruzo. Kutazama patasi, makali yamemeguka. Kipande chenyewe hakikuonyesha dalili yoyote kwa nje. Siku hizi nikishika mvule nanoa mara mbili zaidi na sisukumi kwa nguvu.

Sasa mpingo. Hapa ndipo nilipojifunza kazi. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama, na ndio mti wa kutengenezea ala za kupuliza kama klarineti na obo. Mimi nilikichukua kipande changu cha kwanza nikakitoboa kama nilivyotoboa mninga, kwa mwendo uleule, bila kupumzika. Katikati ya safari nikaona moshi mwembamba. Nikasema namalizia tu. Biti ilipotokea upande wa pili ukasikika mlio mdogo, kama ukucha unaokatwa, na ufa ukakimbia kutoka ncha moja hadi nyingine. Nilipokigusa kilikuwa cha moto hata kukishika kwa shida.

Chanzo ni joto. Unga wa mpingo ni mzito na una mafuta, unajibana kwenye mifereji ya biti. Biti inasugua badala ya kukata, mbao inapata moto kwa ndani na kutanuka huku nje bado ni baridi. Kipande cha pili nilipunguza mwendo hadi mizunguko kama 500 kwa dakika. Nikawa naingia milimita chache, natoa biti, napangusa unga, nasubiri, narudi tena. Lile tundu moja lilichukua muda wa kutoboa mninga vipande vitatu. Halikupasuka.

Gundi ya kubandika mrija ndani ya tundu nayo inahitaji akili yake kwa sababu ya mafuta hayo hayo. Kwaruza mrija kwa msasa, futa tundu kwa asetoni, tumia gundi ya kuchanganya ya epoksi na uiache usiku kucha. Mrija wangu mmoja uliobandikwa kwa gundi ya haraka ulianza kuzunguka peke yake ndani ya mbao nilipokuwa nakaribia kumaliza, na hilo linauma kuliko ufa.

Na ule ukingo mweupe wa mpingo, kama umebahatika kupata kipande chenye mweusi na mweupe pamoja, ulinde. Vumbi jeusi la msasa linaingia kwenye weupe na halitoki. Nausafisha kwa brashi kavu, nasugua kufuata urefu wa nyuzi mashine ikiwa imezimwa. Msasa nafika namba 600, kisha nta peke yake. Mpingo hauhitaji kufunikwa, unang'aa wenyewe.

Jambo jingine ambalo karatasi imelipita haraka ni kuunganisha. Kizungushio kikiingia zaidi ya alama yake, ncha ya kalamu haitarudi ndani tena. Sukuma kidogo kwenye jiliwa lenye vibao laini, weka wino, jaribu, sukuma tena. Na ufito usiukaze kupita kiasi, unapinda na kalamu inatoka na tumbo upande mmoja.

Nilichokipenda zaidi kwenye seti hii ni ukubwa wa vipande. Sentimita 13 tu, kutokana na mabaki ya kazi kubwa. Mpingo unakua polepole mno, na tangu mwaka 2017 umo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kuona kipande ambacho kingetupwa jikoni kikigeuka kalamu kunanipa furaha ya kweli. Ukitaka kutuma mbao au kalamu za mpingo nje ya nchi, uliza masharti ya vibali kwanza.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, ila ningedai mbao zilizokauka. Kalamu yangu ya mkongo ilitoka nzuri kuliko zote, kisha baada ya wiki tatu ikafanya ufa karibu na pete ya katikati. Mbao ilikuwa bado na maji. Niliwaandikia waliouza, wakanitumia kipande kingine bila ubishi. Sijakigusa. Kiko rafuni, na kila Jumamosi nakipima kwenye mizani ndogo. Kilifika kikiwa na gramu 41, juzi kilisoma 38. Kikisoma namba ileile wiki tatu mfululizo, ndipo nitakitoboa.