Mfuko wa gesi ya maganda: kitu kizuri, maelezo mabovu

Mie nauza sharubati na viazi karai karibu na soko la Kongowea, kwa hivyo maganda sina haja ya kuyatafuta: nanasi, embe, papai, tikiti, machungwa. Nilikuwa nalipa mtu wa mkokoteni ayazoe, na akichelewa kidogo tu kunguru wanayatapanya njia nzima. Ndipo nikanunua huu mfuko wa kutengeneza gesi ya kupikia, ule wa plastiki nzito unaolazwa chini nyuma ya nyumba.

Muuzaji aliniambia tia ganda lolote, litageuka gesi. Si kweli, na hapo ndipo wateja wengi wanakata tamaa. Maganda ya matunda yana sukari nyingi, yanaoza na kutoa asidi haraka kuliko bakteria wa gesi wanavyoweza kuimaliza. Basi mfuko unavimba vizuri, unafungua koki, unawasha kiberiti, moto hamna. Kilichojaa humo zaidi ni kaboni dayoksaidi. Inayowaka ni methani. Machungwa na malimau ndiyo balaa kabisa: yale mafuta ya ganda yanayokurukia machoni ukimenya, ndiyo yanayowadhoofisha hao bakteria.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee anayewafungia wafugaji mitambo ya samadi. Aliinama kwenye bomba la kutokea uji, yale mabaki majimaji ya mfukoni, akanusa, akacheka. "Mama, hii ni siki tupu. Hii haijaonja samadi." Akaniambia nisitie maganda kwanza, nitie samadi mbichi ya ng'ombe na jivu kidogo, kisha ningoje. Moto ukaja.

Siku hizi maganda nayakatakata kwa panga, maana yakiingia mazima yanaziba bomba. Nachanganya na maji na samadi kutoka kwa jirani mwenye ng'ombe. Ya machungwa hayaingii. Joto letu la Mombasa linatosha, bakteria hao wanapenda nyuzi 30 na kitu. Walioko Limuru, kwenye baridi, watangoja zaidi.

Moto wenyewe ni wa bluu, sufuria haishiki masizi. Mbaazi zinaiva, chai inachemka. Lakini karai la viazi bado naliweka kwenye gesi ya mtungi, kwa sababu hii haina msukumo, na mfuko ukilegea moto unanywea. Wengine huweka magunia ya mchanga juu ya mfuko kuusukuma. Inasaidia, si sana. Msiiunganishe na jiko la mtungi hivi hivi, tundu lake ni dogo mno kwa gesi hii. Tumieni lile linalokuja na mfuko, japo miguu yake ni ya bati jepesi ajabu.

Kichujio cha stilwuli msikidharau, ndicho kinachoshika ile harufu ya yai viza. Ikishakuwa nyeusi, badilisha. Na mfuko uwekeeni kivuli cha makuti, jua la hapa linaukausha plastiki mpaka unapasuka. Uji unaotoka nauchanganya na maji, namwagia mchicha, na wallahi mchicha huo haunisubiri.

Bomba la gesi wanalotoa ni fupi. Langu halikufika jikoni, nikaongeza kwa pesa yangu, kwa hivyo pimeni kabla ya kulipa.