Mitutu miwili gizani: usiku wangu wa nguruwe pori Texas

Mama aliposikia nimelipa dola 350 nikakeshe kuvizia nguruwe, alicheka mpaka akapaliwa. "Si ungekuja tu huku, baba? Dungu lipo, nguruwe wapo, na hakuna atakayekutoza." Ana haki ya kucheka. Nimekulia Namtumbo, Ruvuma, na mahindi yakishaanza kubeba, usiku wetu ulikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, mpaka mavuno: moto chini, debe bovu mkononi, ukisikia mabua yanavunjika unalipiga debe na kutukana. Bunduki tulikuwa tunaziona kwa watu wa Maliasili tu.

Sasa niko Houston mwaka wa tisa, naendesha lori. Oktoba iliyopita nikaenda kwenye ranchi moja, mwendo wa saa tatu kutoka mjini. Jina silitaji, kwa sababu nina mawili matatu ya kusema ambayo mwenyewe hatayapenda, na kwa mengine alinitendea vizuri.

Kilichonivuta hasa ni bunduki. Mwenye ranchi aliwahi kuwinda Tanzania, akarudi na ugonjwa wa bunduki za mitutu miwili, zile wanazobeba wawindaji wa kitalii wakimfuata nyati vichakani. Anazo kadhaa, na moja anaikodisha kwa dola 90 usiku mmoja: ya Kijerumani, ya risasi za 9.3x74R, imefungwa darubini juu. Ukitaka kuinunua mpya ya namna hiyo andaa pesa ya kununua kiwanja Kibaha na kuinua msingi. Kwa hiyo dola 90 niliona ni sawa na bure.

Kwa wasiojua mambo ya huku: nguruwe pori wa Texas si wanyama wa asili. Walioanza kuwaleta Marekani ni Wahispania, karne ya 16, wakiwa nguruwe wa kufugwa. Wakatoroka, wakaachwa, baadaye wakachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya walioletwa na watu wa kuwinda. Leo Texas peke yake wanakadiriwa kupita milioni 2. Jike mmoja anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na watoto wake nao hawangoji kukua wakaanza. Wanachimbua shamba usiku mmoja ukadhani limepita trekta la mlevi. Ndiyo maana tangu Septemba 2019 huhitaji hata leseni kuwapiga kwenye ardhi ya mtu binafsi, alimradi mwenye ardhi kakuruhusu. Usiku ruhusa, mwaka mzima ruhusa. Nikimweleza mjomba wangu aliyewahi kulala mahabusu kwa sababu ya kipande cha nyamapori, anadhani namtania.

Tulifika saa kumi jioni, mimi na rafiki yangu wa Tanga. Yeye hali nguruwe wala hamgusi. Alikuja kwa ajili ya safari na kahawa, na ilipofika giza akajifungia ndani ya gari na simu yake.

Sasa bunduki. Ukiishika unaelewa kwa nini watu wanauza ng'ombe. Uzito wote umekaa kati ya mikono miwili, hakuna mdomo unaovuta chini wala kitako kinachovuta nyuma. Ina vifyatulio viwili: cha mbele ni mtutu wa kulia, cha nyuma ni wa kushoto. Hakuna boliti, ile komeo ya kuvuta kwa mkono ili risasi nyingine iingie, hakuna kelele ya chuma kati ya risasi ya kwanza na ya pili; unasogeza kidole tu. Huko Ujerumani na Ufaransa wanazipenda kwa msako wa mchana, pale nguruwe anapokatiza njia mbio na una nukta moja ya kumpata.

Tatizo la kwanza lilikuwa shavu. Kitako chake kimechongwa kwa mtu anayelenga kwa vilengeo vya chuma vilivyolala juu ya mtutu, chini kuliko darubini. Ukifunga darubini, jicho linatakiwa lipande, na shavu linabaki linaning'inia hewani. Nilipiga ya kwanza hivyo hivyo, teke likaja, ukingo wa darubini ukanibusu nyusi mpaka damu. Kijana muongozaji akacheka, akasema wageni wengi wanaondoka na alama hiyo. Sasa kama ni wengi, kwa nini hakuna pedi ya shavu? Nikamwomba mtu wa Tanga kikoi chake, nikakikunja na kukifunga juu ya kitako kwa tepu. Kikafanya kazi usiku mzima. Kwa kikoi hicho bado hajanisamehe.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Kwenye karatasi ya shabaha, yadi 50, mtutu wa kulia ukatoboa kushoto na wa kushoto ukatoboa kulia, matundu mawili yameachana inchi tano. Nikadhani ni mimi. Nikarudia kwa kuegemeza kwenye mfuko wa mchanga: vilevile. Nikaangalia boksi. Ubavuni mwa mtutu imechongwa namba ya uzito wa risasi iliyotumika kuulinganisha, na ni hizi za kawaida za greni 286 (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa risasi). Kwenye boksi, kwa mwandiko wa mkono wa mwenye ranchi anayejijazia risasi mwenyewe: 250.

Hili lina maana, na yeyote anayetaka kukodi bunduki ya namna hii alijue. Mitutu hailali sambamba. Ukifyatua wa kulia, bunduki inageuka kulia kidogo kabla risasi haijatoka mdomoni. Ukifyatua wa kushoto, inageuka kushoto. Fundi anaielekeza midomo ndani kidogo ili kufidia mgeuko huo, anapiga, anatazama karatasi, anayeyusha solda, anasogeza kabari, anapiga tena, mpaka zote mbili ziangukie pamoja. Kazi hiyo ndiyo nusu ya bei. Ukiweka risasi nyepesi inayotoka kwa kasi zaidi, inaondoka kabla bunduki haijageuka vya kutosha, na njia zinapishana. Mwenye bunduki anajua haya kuliko mimi. Alizitoa tu zilizokuwa karibu.

Kijana akaenda kupekua gari, akarudi na boksi la kiwandani lenye risasi kumi na moja za 286. Nikapiga mbili: matundu yamekaribiana, glasi ya kahawa ingeyafunika yote. Nikapanda dunguni na tisa.

Naliita dungu kwa sababu ndilo: chumba cha mbao juu ya miguu minne, bati juu, kidirisha mbele, viti viwili vya ofisi vilivyopasuka. Mbele yake, yadi 60, kuna pipa juu ya vyuma vitatu, lina kijimashine chenye saa kinachorusha mahindi kila jioni. Chini ya pipa kulikuwa na taa ya kijani inayotakiwa kuwaka kitu kikisogea. Betri imekufa. Kijana akasema mwezi unatosha. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu ujae, na kweli ulitosha, kwa kiasi.

Hapa darubini nitaisifu. Ni ya kukuza mara 1 hadi 6, kioo cha mbele milimita 24, ambayo kwa usiku si kubwa. Watu wa Ulaya wanaokesha hutumia zenye kioo cha 50 au 56. Nikiiweka kwenye 6 niliona uji mweusi. Kijana akaniambia ishushe hadi 3. Uji ukageuka uwanja: pipa, nyasi, hata mahindi yakang'aa kidogo chini. Hesabu yake ni rahisi: gawa 24 kwa ukuzaji. Kwa 6 unapata mwanga wa upana wa milimita 4 unaoingia jichoni. Kwa 3 unapata 8, na mboni gizani haifunguki zaidi ya kama 7. Kitone chekundu cha katikati nacho nikakishusha mpaka cha mwisho kabisa, maana kikiwaka sana kinamfunika nguruwe mzima.

Kisha kungoja. Saa moja na nusu, hakuna. Saa tatu, sungura mmoja. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, vizuri, kwa sababu nguruwe macho yake si kitu lakini pua yake ni mahakama. Saa nne kasoro nikasikia kabla sijaona: mlio mdogo wa koo, kukwaruzana, mtoto akipiga kelele kwa kusukumwa. Nywele zikanisimama. Ni mlio uleule wa Namtumbo. Mkono wangu, nawaambia kweli, ulitafuta debe.

Waliingia kama kumi na wanne. Nikachagua jike mkubwa aliyesimama ubavu, nikasogeza loki, nikapumua, nikavuta cha mbele.

Na hapa ndipo hoja yangu yote ilipo. Sifa ya mitutu miwili ni risasi ya pili ya papo hapo. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kifyatulio cha nyuma. Jicho ndilo halikuwepo. Ulimi wa moto uliotoka mdomoni ulijaza darubini yote, na baada yake nikaona ua la zambarau linaloelea, hakuna nguruwe, hakuna pipa, hakuna Texas. Nilikuwa na risasi ya haraka kuliko bunduki nyingi duniani na sikuwa na mahali pa kuipeleka. Macho yaliporudi kundi limeshatoweka, jike amelala palepale, na dume kijana amezubaa ukingoni mwa vichaka, kama yadi 80. Nikampa ya kushoto. Akakimbia.

Nikaikunja bunduki kujaza, maganda yakaruka nyuma ya bega langu yakagonga bati, kengele ya kanisa kabisa.

Kijana ana kamera ya joto ya mkononi, inayoona joto la mwili gizani, na alijua kuitumia. Hakushuka haraka, alingoja dakika ishirini, akapima vichaka kutoka juu, ndipo akaniongoza. Dume tulimkuta hatua mia na kitu, amekwisha. Kuchuna kulifanywa vizuri kuliko nilivyotarajia: taa, maji, glavu mbili mbili, kwa sababu nguruwe hawa wanabeba ugonjwa wa brusela na damu yao si ya kuchezea ukiwa na kidonda. Akanisisitiza nyama iive mpaka nyuzi 71 za Selsiasi katikati. Dume ana ngao ya gegedu begani, ngumu kama kandambili. Nikaielewa heshima ya risasi nzito.

Kitimoto chenyewe: jike mtamu, nyama haina mafuta mengi, inataka ndimu na kuchemshwa kidogo kabla ya mkaa. Dume ananuka dume. Tulimla kwa pilipili nyingi na ndizi za kukaanga, hatukumrudia.

Hukumu yangu. Muongozaji, nyota tano. Chumba cha kulala, sikulala, sijui. Bunduki, tano mchana na mbili usiku. Kama unakwenda kukesha chukua yao ya boliti yenye darubini ya joto, dola 60 tu, na hii ya mitutu miwili uiombe alfajiri wanapozunguka kwa miguu mtoni. Mwenye ranchi nampa mbili, kwa boksi la risasi na kwa betri ya taa, vitu ambavyo vyote havifiki dola mia. Nilimwambia. Akanipunguzia 40 akasema "pole" kwa Kiswahili, kalikumbuka tangu safari yake.

Nilimpigia mama Jumapili. Hakuuliza bunduki wala nguruwe wangapi. Aliuliza kama mahindi yamepona. Nikamwambia mahindi wanawamwagia nguruwe wenyewe, kila jioni, kwa mashine. Akanyamaza kidogo.

"Wanawalisha?"

"Ndiyo, mama."

Akampa simu dada yangu.