Kisanduku cha kurushia video nyumbani: kukwama kulitoka wapi
Kisanduku hiki kinahifadhi filamu zangu vizuri na kuzirusha kwenye runinga, na menyu yake inaeleweka, lakini mwezi mzima filamu za 4K (zenye picha kali sana) zilikuwa zikisimama kila baada ya dakika chache, kile kiduara kikizunguka katikati ya skrini. Niliilaumu bure intaneti, kwani video hizo hazitoki nje ya nyumba. Ukurasa wa usimamizi wa kisanduku ndio ulionionyesha ukweli: prosesa yake ilikuwa imefika asilimia 100, kwa sababu manukuu (maneno ya mazungumzo yanayoonekana chini ya filamu) ya aina ya PGS huhifadhiwa kama picha, si maandishi, na runinga yangu ilipokosa kuyasoma, kisanduku kililazimika kuyabandika juu ya video na kuisimba upya, yaani kuitengeneza upya video yenyewe, papo hapo. Nilipoweka manukuu ya SRT, ambayo ni maandishi matupu, na kuacha Wi-Fi ya 2.4 GHz, iliyo ya polepole, nikatumia waya wa mtandao (Ethernet), kukwama kuliisha. Ninakipendekeza kwa dhati, ingawa mwongozo wake ulipaswa kulieleza jambo hili.